Picha Inayoitika Kidole: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watengenezaji wa Programu za Simu Kigoma

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaotengeneza programu za simu hapa Kigoma mjini, Ujiji na Kasulu. Karibu yote yana mzizi mmoja: picha ipo kwenye skrini, inapendeza, lakini ukiigusa haiitiki, au inaitika mahali pasipotakiwa. Majibu hayalingani urefu kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani uzito. Mifano mingi ni ya Android, kwa kuwa ndizo simu zilizo mikononi mwa watu wengi huku, na ya Flutter, zana ya kuandika programu moja ikatumika kwenye Android na iPhone. iPhone na React Native, zana nyingine ya aina hiyo, nimezitaja inapobidi.

Nimeweka picha ya kitenge kwenye programu ya duka. Naigusa, kimya. Tatizo nini?

Picha kwa asili yake haisikilizi mguso. Imewekwa ionekane tu, na mifumo karibu yote imekubaliana juu ya hilo. Kwenye Android, ImageView (kisanduku kinachoonyesha picha) haishughuliki na kidole mpaka uipe msikilizaji kwa setOnClickListener. Kwenye iPhone, UIImageView huja ikiwa imezimwa upande wa miguso. Usipowasha isUserInteractionEnabled, hata uifungie vitambua mguso kumi, hakuna kitakachoamka. Flutter nayo haijaipa Image sehemu ya onTap. Unaifunika kwa GestureDetector au InkWell:

GestureDetector(
  onTap: () => funguaKitenge(kitenge),
  child: Image.asset('picha/kitenge_07.jpg'),
)

React Native ni vivyo hivyo: Image haina onPress, kwa hiyo unaiweka ndani ya Pressable.

Ukishafanya hayo na bado kimya, tafuta kilichokaa juu ya picha. Mara nyingi ni maandishi ya bei ambayo kisanduku chake kimetanuka kikafunika picha nzima bila kuonekana. Mguso humwendea kwanza aliye juu kabisa, na kama yeye ameupokea, wa chini hapati kitu. Kipe kisanduku hicho rangi nyekundu kwa muda, uone kinaishia wapi.

Kuna mtego mwingine wa Android unaowasumbua wanaotumia OnTouchListener badala ya msikilizaji wa kawaida. Kidole kinapotua, mfumo unatuma taarifa ya ACTION_DOWN na kukuuliza kama unaitaka. Ukijibu false, na picha yenyewe si ya kubonyezwa, mfumo unahesabu kwamba mguso huo haukuhusu. Hutapata ACTION_MOVE wala ACTION_UP. Ndiyo maana wengine wanasema msimbo wao unaona kidole kikishuka lakini hauoni kikinyanyuka.

Nitumie picha au kitufe chenye picha?

Kama kazi yake ni kutenda jambo, mfano kununua, kufuta au kupiga simu, tumia kitufe chenye picha: ImageButton kwenye Android, IconButton kwenye Flutter. Mfumo utakitambua kuwa ni kitufe na kukipa tabia zote za kitufe bila wewe kuziandika. Picha ya kawaida iliyofungiwa mguso iache kwa bidhaa, ramani na michoro.

Programu inafanya kazi, lakini wateja wananiambia "haijakubali" na kubonyeza tena na tena. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote, na wengi hulipita haraka kwa sababu msimbo wao hauna kosa.

Mtu akigusa kitu, anataka kuona dalili kwamba amesikika. Ikitokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100, kwake ni papo hapo. Ikichelewa zaidi ya hapo anaanza kuhisi pengo, na mtandao ukiwa mzito pengo linakuwa sekunde tatu au nne za skrini isiyosema lolote. Mtoto akiitwa huitika "abee" kwanza, halafu ndiyo anakwenda kufanya alichotumwa. Picha nayo ifanye hivyo. Kuitika ni kazi moja na kumaliza shughuli ni kazi nyingine, na ya kwanza haitakiwi kuingoja ya pili.

Kwenye Android, njia rahisi ni kuipa picha android:foreground yenye thamani ?attr/selectableItemBackground. Kidole kikitua, wimbi hafifu linatanda juu ya picha. Kwenye Flutter, InkWell hufanya hivyo hivyo, ila wimbi lake huchorwa kwenye Material, tabaka lililo chini ya kitu ulichokiweka ndani ya InkWell, na picha isiyopenya mwanga inalificha. Wengi huishia kusema InkWell haifanyi kazi, kumbe inafanya kazi nyuma ya pazia. Tumia Ink.image badala ya Image.asset, au weka juu ya picha Material yenye rangi ya uwazi na InkWell ndani yake.

Wimbi la kijivu hafifu linaonekana vizuri ukiwa umekaa ofisini. Nenda nalo soko la Mwanga saa saba mchana, skrini imepigwa na jua, halionekani kabisa. Kwa programu za watu wanaofanya kazi nje, mimi napendelea picha iingie giza la kutosha au ipungue ukubwa kidogo kidole kinapotua, kisha irudi. Mtetemo mfupi unasaidia pia: performHapticFeedback kwenye Android, HapticFeedback.selectionClick kwenye Flutter. Usiutegemee peke yake, kwa sababu watu wengi huzima mitetemo kuokoa chaji.

Mteja mmoja ametuma oda tatu za kitenge kilekile. Nifanyeje?

Huyo ni mtoto wa tatizo lililotangulia. Aligusa, hakuona kitu, akagusa tena. Funga picha au kitufe mara baada ya mguso wa kwanza, onyesha duara la kusubiri, na ukifungue tu jibu likirudi au muda ukiisha.

Kufunga upande wa simu hakutoshi. Mtu aliye kwenye boti kuelekea Kalya anaweza kupoteza mtandao oda ikiwa imeshafika kwako lakini jibu halijamrudia. Akituma tena, seva inaona oda mpya. Kwa hiyo simu itengeneze namba ya kipekee ya oda kabla ya kutuma, na kila jaribio la oda hiyo libebe namba ileile. Seva ikiiona mara ya pili, irudishe jibu la kwanza bila kuandika oda nyingine.

Picha ya kugusa iwe na ukubwa gani?

Mwongozo wa Android unataka eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48. Apple wanasema pointi 44 kwa 44. Dp moja ni pikseli moja kwenye skrini yenye pikseli 160 kwa inchi, kwa hiyo kwenye skrini ya 320, dp 48 ni pikseli 96.

Angalia kwamba nimesema eneo la kugusa, si picha. Ikoni inaweza kuonekana ya dp 24 huku imezungukwa na nafasi tupu inayopokea kidole. Kwenye Jetpack Compose, zana ya Android ya kuandika skrini kwa msimbo, mpangilio ndio unaoamua: ukiandika clickable (ya kupokea mguso) kwanza kisha padding (ya nafasi tupu), nafasi hiyo inaingia ndani ya mguso. Ukigeuza, inabaki nje na ikoni yako inakuwa ngumu kulenga. React Native ina hitSlop kwa kazi hiyo, lakini haivuki mipaka ya kisanduku cha mzazi, jambo linalowachanganya wengi.

Watumiaji wangu ni wauza dagaa wa Kibirizi. Mikono imelowa, simu inabonyeza vitu yenyewe. Naweza kusaidia kwa msimbo?

Kwa sehemu, ndiyo. Skrini za simu hizi hutambua kidole kwa sababu mwili wa mtu unapitisha umeme na kubadilisha kiasi cha chaji mahali unapogusa. Maji nayo yanapitisha umeme, hasa yakiwa na chumvi ya samaki, kwa hiyo tone linaweza kuhesabiwa kama kidole au kuipotosha skrini kuhusu mahali kidole kilipo. Mkono wenye mawese una shida nyingine, nayo ni utelezi. Kidole kinasogea kidogo kabla ya kunyanyuka, na Android ikiona kimevuka takribani dp 8 inahesabu kwamba mtu anasogeza ukurasa, si kwamba anagusa.

Huwezi kubadilisha kioo cha simu ya mtu, lakini unaweza kubadilisha unachomtaka afanye. Weka picha kubwa, za safu mbili badala ya nne. Usitumie kugusa mara mbili kwa kazi ya lazima. Kufuta kwa kutelezesha kidole kuache kabisa. Na kila tendo lenye hasara liwe na nafasi ya kulirudisha, kitufe kikubwa cha "Rudisha" kinachokaa sekunde kadhaa. Kwa mtu ambaye mikono yake haikauki mchana kutwa, kurudisha ni bora kuliko dirisha la "Una uhakika?", kwa sababu tone la maji linaweza kubonyeza "Ndiyo" vilevile.

Nataka ramani ya ziwa ambayo mtu akigusa kijiji anapata ratiba ya boti. Nikijaribu kwenye simu nyingine, vijiji vinahama. Kwa nini?

Kwa sababu umehifadhi mahali pa vijiji kwa pikseli za skrini yako. Skrini ikibadilika ukubwa, namba zile hazina maana tena. Hifadhi kwa sehemu ya picha: kutoka kushoto sifuri hadi kulia moja, kutoka juu sifuri hadi chini moja. Kijiji kilicho katikati ya upana na theluthi moja kutoka juu kinaandikwa 0.5 na 0.333, na hilo halitabadilika hata picha ikionyeshwa kwenye tableti.

Lakini kwa ramani yetu kuna jambo la pili, nalo linatokana na umbo la ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Ramani yake ni ndefu na nyembamba kuliko skrini yoyote. ImageView ikiachwa kama ilivyo hutumia fitCenter: hupunguza picha mpaka yote ionekane na kuacha nafasi tupu kushoto na kulia. Mguso unaoupokea unahesabiwa kutoka ukingo wa ImageView, si kutoka ukingo wa picha. Usipotoa ile nafasi tupu, kila kijiji kitahamia pembeni.

Tufanye hesabu. Picha ina pikseli 900 kwa 2700, na kisanduku chake kwenye skrini ni 1080 kwa 1800. Kwa upana, picha ingeweza kukuzwa mara 1.2. Kwa urefu, inabidi ipunguzwe hadi theluthi mbili. Inachukuliwa ndogo, theluthi mbili, kwa hiyo picha inaonekana kwa 600 kwa 1800. Nafasi iliyobaki ni 480, nusu yake kila upande, yaani 240. Mtu akigusa 540 kwa upana na 600 kwa urefu, toa 240 upate 300, gawanya kwa 600: umepata 0.5. Urefu ni 600 kugawanya kwa 1800, yaani 0.333. Kijiji chetu hicho. Akigusa 100 kwa upana, hayupo kwenye picha kabisa, usimjibu.

Ukitumia centerCrop hesabu ni hiyohiyo, ila inachukuliwa kubwa badala ya ndogo, na pande za picha zinakatwa. Kwa ramani sikushauri, kwa sababu Kagunga mpakani na vijiji vya kusini vinaweza kukatwa visionekane. Android pia inakuruhusu kuchukua imageMatrix ya picha (namba zinazoeleza jinsi ilivyokuzwa na kusogezwa), kuigeuza kwa invert na kuipitisha nukta ya mguso kwa mapPoints. Ni njia safi, na ndiyo ninayoipendekeza ukishaielewa hesabu ya mkono.

Mwisho, usiwatake watu waguse nukta yenyewe. Tafuta kijiji kilicho karibu zaidi na mguso na ukikubali kama umbali hauzidi dp 24. Kaskazini ya mji, Kibirizi, Gombe na Mwamgongo vimekaribiana, na kwenye ramani ya ziwa zima vinakaa chini ya kidole kimoja. Pale vinapopatikana viwili au zaidi ndani ya umbali huo, fungua orodha fupi mtu achague. Kumkisia mtu boti anayoitaka ni kumpeleka bandarini saa isiyo yake.

Picha yangu ni ya samaki, nataka mwanafunzi aguse pezi, jicho au mkia. Maumbo haya si ya mraba.

Andaa picha ya pili ya ukubwa uleule, isiyoonyeshwa kwa mtumiaji. Humo kila sehemu ya mgebuka ina rangi yake moja: pezi la mgongoni jekundu, mkia wa bluu, jicho la kijani. Mguso ukija, tafuta nukta yake kwa hesabu ya jibu lililopita, kisha soma rangi ya nukta hiyo kwenye picha ya siri kwa getPixel. Rangi inakuambia ni sehemu gani.

Ihifadhi kama PNG. JPEG huchezea rangi wakati wa kubana faili, na nyekundu yako itarudi ikiwa na chembe za rangi nyingine. Unapochora, zima ulainishaji wa kingo kwa sababu hiyohiyo. Na kwenye Android iweke kwenye drawable-nodpi, la sivyo mfumo utaibadilisha ukubwa kulingana na skrini na hesabu zitapishana.

Kwa maumbo machache makubwa, Path na Region za Android, zinazoeleza umbo kwa mistari na eneo lake, zinatosha bila picha ya pili. Kwa samaki mwenye mapezi mengi, picha ya rangi ni kazi ndogo zaidi, na rafiki yako mchoraji anaweza kuitengeneza bila kujua msimbo.

Nataka mtu akuze picha kwa vidole viwili aone nakshi za kitenge.

Flutter inayo tayari: InteractiveViewer. Bila kuibadilisha inaishia kukuza mara 2.5, ambayo kwa nakshi ni ndogo, ongeza maxScale hadi 5. Kwenye Android unatumia ScaleGestureDetector. Kama picha iliyokuzwa nayo ina sehemu za kugusa, usisahau kurudisha mguso kwenye vipimo vya picha isiyokuzwa. Kwenye Flutter, TransformationController inakufanyia hivyo kwa toScene.

Tahadhari moja: ukiweka kugusa mara mbili kwa ajili ya kukuza, mguso wa mara moja utachelewa. Mfumo unalazimika kusubiri milisekunde 300 hivi uone kama mguso wa pili unakuja. Kwenye ukurasa wa picha moja hakuna neno. Kwenye orodha ya bidhaa, uzito huo unaonekana.

Nikisogeza orodha ya picha, zinafunguka zenyewe.

Unatenda kazi kidole kinapotua. Ngoja kinyanyuke. Mtu akianza kusogeza, orodha inachukua mguso na picha yako inapelekewa ACTION_CANCEL. Hapo rudisha rangi ya kawaida na usifanye kingine. Kama tatizo ni kinyume chake, unataka kuvuta picha lakini orodha inakunyang'anya kidole, picha imwite mzazi wake requestDisallowInterceptTouchEvent(true) wakati wa kuvuta.

Picha zikizidi, programu inaganda na haiitiki kabisa.

Ukubwa wa faili unakudanganya. Picha ya kamera ya megapikseli 12 inaweza kuwa megabaiti tatu kwenye hifadhi, lakini ikifunguliwa kuchorwa kila pikseli inachukua baiti nne. 4000 mara 3000 mara 4 ni baiti milioni 48. Picha kumi za hivyo zinaimaliza simu ya bei nafuu. Fungua picha kwa ukubwa unaoonyeshwa tu: Glide na Coil, maktaba za msimbo za kupakia picha, hufanya hivyo zenyewe kwenye Android, na Flutter ina cacheWidth.

Pia usifungue picha kwenye njia kuu ya kazi, ile inayochora skrini na kupokea miguso. Kwa skrini inayojichora mara 60 kwa sekunde, kila mchoro una milisekunde 16 tu. Ukiizuia sekunde 5 huku mguso ukisubiri, Android humwambia mtumiaji kwamba programu haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga.

Kugusa na kushikilia je?

Itumie kwa njia za mkato tu. Mtu asiyejua ipo hataigundua, kwa hiyo kila kilicho humo kiwepo pia mahali panapoonekana.

Asiyeona atatumiaje picha?

Kwa TalkBack au VoiceOver, zinazosoma skrini kwa sauti. Picha isiyo na maelezo husomwa kama "picha" tu, au haisomwi. Andika contentDescription kwa Kiswahili, ukieleza kitakachotokea: "Kitenge cha bluu chenye ndege, fungua bei". Maandishi ya "picha_07" hayamsaidii mtu. Picha ya pambo iache bila maelezo ili isimchoshe. Kwa ramani na samaki, kila sehemu inahitaji maelezo yake. Android ina ExploreByTouchHelper na Flutter ina Semantics. Kama hizo zimekushinda kwa sasa, weka chini ya ramani orodha ya kawaida ya vijiji yenye ratiba zilezile. Itawafaa pia wenye macho mazima.

Sijui kuandika msimbo bado. Naweza kuanza?

Anza na MIT App Inventor. Unapanga vipande kwenye kivinjari, na sehemu yake ya Image ina Clickable: iwashe, kisha tumia tukio la Click. Kwa ramani tumia Canvas, ambayo tukio lake la Touched linakupa x na y, nawe unafanya hesabu ileile ya sehemu ya picha.

Nijaribu vipi kabla ya kuwapa watu?

Washa mipangilio ya wasanidi kwenye Android kwa kugusa namba ya toleo la mfumo (Build number) mara saba, kisha washa chaguo la kuonyesha alama kila kidole kinapotua. Mpe simu mtu ambaye hajaiona programu, mwambie anachotafuta, mfano bei ya kitenge fulani, halafu nyamaza. Usimwonyeshe pa kugusa. Rekodi skrini, na baadaye angalia alama ya kwanza ilitua wapi na ya pili ilikuja baada ya muda gani. Ikitua kwenye picha usiyoifungia mguso, ifungie. Ya pili ikifuata haraka palepale, picha yako haijaitika mapema vya kutosha. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichochakaa, nje, mchana, mkono mmoja ukiwa umebeba mzigo.